Taa Inayotangulia Picha

Baba alipostaafu kazi ya reli, wenzake ofisini walichanga wakamnunulia kamera. Yeye alikuwa akitarajia mabati. Mzee aliyestaafu kabla yake alipewa mabati, na aliyemtangulia huyo alipewa ng'ombe wa gredi wa maziwa, kwa hivyo baba alikuwa ameshapima kichwani paa la jiko kule nyumbani magharibi, akaona mabati yatatosha na kubaki. Badala yake alirudi kwetu mtaani Umoja jioni ile na kisanduku cha kadibodi kilichoingia kwapani. Akakiweka mezani, akakitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

"Bosi ndiye aliyechagua," alisema. "Anasema mtu akistaafu anahitaji kitu cha kufanya."

"Hata mabati yangekupa kitu cha kufanya," mama akamjibu.

Lakini baba hakuwa mtu wa kushindwa na kifaa. Alikuwa karani tangu ujana wake, na karani anaweza kushindwa na mambo mengi duniani, ila si kitabu cha maelezo. Alikisoma kile cha kamera kila siku baada ya chai, miwani puani na kalamu nyekundu mkononi, akipigia mistari maneno ya maana. Haukupita muda akaanza kutuhubiria.

"Hii si kamera ya wale jamaa wanaozunguka mitaani Jumapili," alisema akiinyanyua. "Unachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia ndicho lenzi inachokiona, kwa sababu ndani mna kioo. Inajitafutia umbali yenyewe. Inajivutia filamu yenyewe. Filamu ikiisha, inaikunja yenyewe."

Kila aliposema "yenyewe" alinitazama mimi, niliyekuwa nimemaliza chuo cha uhazili na bado nilikuwa nakula kwake.

Nami ndiye niliyepewa kazi ya kupiga. Si kwa sababu nilijua. Baba alitaka kuwa ndani ya kila picha, na mama alisema mikono yake haina nafasi. Hiyo ilikuwa kweli. Mama alikuwa anafuma vitambaa vya kroshia asubuhi hadi jioni, na katika nyumba yetu hakuna kitu kilichokaa uchi. Makochi yalivaa, redio ilivaa, televisheni ilivaa, chupa ya chai ilivaa, hata pipa la maji jikoni lilikuwa na kilemba. Kamera haikumaliza hata wiki mbili kabla ya kupata vazi lake, jeupe lenye maua ya waridi, na tundu mbele la kutokezea lenzi. Mama aliisifu sana kwa udogo wake. Inakaa kiganjani, alisema, na haili uzi.

Alichokuwa hajui ni kwamba juu ya kamera ile palikuwa na taa ya flashi inayofunguka yenyewe ikiona giza. Siku ya kwanza nilipobonyeza kitufe, kitambaa kiliinuka katikati kama mtoto aliyeamka chini ya shuka. Mama akapiga yowe, baba akafungua kitabu. Kesho yake mama alikata tundu la pili na kulizungushia uzi wa manjano.

Halafu kulikuwa na lile gurudumu dogo juu, lililochorwa vipicha: kichwa cha mwanamke, mlima, ua, mtu anayekimbia. Kitabu kilieleza vizuri kila kimoja ni cha kazi gani, lakini baba aliyasoma maelezo yale kama sheria za reli. Kichwa ni cha mtu mmoja. Mkiwa wawili ni makosa. Mlima ni wa safari ya nyumbani, usiguswe kabla hatujapita Nakuru. Mtu anayekimbia ni wa michezo, na katika nyumba hii hakuna anayecheza. Mama naye alishikilia kwamba yeye atapigwa kwa ua, kwa sababu vitambaa vyake vina maua. Walibishana juu ya ua lile mpaka ugali ukapoa, na mimi nikala nikawaacha.

Hapo ndipo nyanya alipokuja. Alikuwa mama yake baba, na kwetu sisi wajukuu aliitwa Kukhu, kama nyanya wanavyoitwa kwetu. Alikuja bila kualikwa, akiwa na kuku wawili waliofungwa miguu na mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri. Kuku aliwakabidhi mama. Mfuko hakumpa mtu. Alikunywa chai, akauliza habari za kila aliye hai, kisha akatua kikombe.

"Nimesikia mna kamera," alisema, kwa lugha ya kwetu. "Nimekuja kupigwa picha ya kuzikwa nayo."

Baba alipaliwa na chai. "Mama, kwani unaumwa?"

"Sijasema naumwa. Nimesema sitaki kuzikwa na sura ya mwizi wa ng'ombe."

Alifungua mfuko, akatoa kitambulisho chake, akatuonyesha. Ndipo nikaelewa. Kwetu jeneza halitoki nyumbani bila picha. Huwekwa ndani ya fremu, ikafungwa utepe, na mjukuu akaibeba mbele ya wote mpaka kaburini, ili kila aliyefika amwone marehemu usoni mara ya mwisho. Asiye na picha hutafutiwa kitambulisho, na ile picha ndogo ya serikali ikakuzwa mpaka ikalingana na sinia. Wifi yake nyanya alikuwa amezikwa hivyo majuzi. Karani wa kitambulisho alikuwa amemsukuma kidevu, akamwambia asicheke, asipepese, asifanye lolote. Ilipokuzwa, wageni waliotoka mbali waliulizana kwa sauti ya chini kama marehemu alifia gerezani.

"Nilikaa pale nikamwangalia," nyanya alisema. "Mwanamke aliyecheka maisha yake yote. Watu wakamzika kama wanamfungia."

Kile chake kilikuwa kibaya zaidi. Jicho moja lilikuwa limefumba nusu na mdomo umekazwa, kama mtu aliyeulizwa ng'ombe wako wapi na hataki kusema.

"Basi tutakupiga, Kukhu," nilimwambia.

"Ndiyo, mke mwenzangu," akasema. Alipenda kuniita hivyo, kwa utani wa nyanya na mjukuu. "Wewe una mikono isiyo na kazi."

Alikuwa na masharti yake. Atakaa, hatasimama. Atavaa lile gauni la kijani lililokuwa mfukoni, na kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, na mkoba wake uwe mapajani. Hatacheka, maana kucheka ni kwa watoto; atatulia kama mtu mwenye shamba lake. Na picha ipigwe ndani, mbele ya lile kabati kubwa lenye televisheni na vikombe. Nilipomwomba tutoke nje penye jua, alinitazama kwa huruma.

"Nje anapigwa mtu asiye na nyumba," alisema.

Ingekuwa sawa kama ndani pangekuwa na mwanga. Miaka ile Umoja kila mtu alikuwa anajenga. Nyumba za mwanzo zilikuwa ndogo, na kila mwenye nyumba aliongeza chumba mbele, akaongeza kingine pembeni, akapangisha. Ukuta wa jirani yetu ulikuwa umefika dirishani petu ukatulia hapo. Adhuhuri, jua likiwa kichwani, sisi tulikuwa tunawasha taa kutafuta chumvi.

Kwa hivyo tulipiga ndani, gizani, kwa flashi. Nyanya alikaa kwenye kochi, akavuta pumzi, akaishikilia. Kamera ikaanza matata. Lenzi ilitoka, ikarudi, ikatoka tena, ikiunguruma, ikitafuta mahali pa kushika kwenye gauni la rangi moja katika giza lile. Kitufe kikagoma. Kamera ile ilikuwa na desturi hiyo: isipoona vizuri, haipigi.

"Inanikataa," nyanya alisema bila kusogeza midomo.

"Inakutafuta, mama," baba akasema kutoka nyuma yangu. "Usiongee, inapoteza hesabu."

Mwishowe ikashika ule mkoba, ikapiga. Baba akafurahi, akaenda kukaa kando ya mama yake wapigwe pamoja, nami nikageuza gurudumu kutoka kwenye kichwa, kwa sababu sasa walikuwa wawili na sheria ni sheria. Tulimaliza filamu nzima siku ile. Ilipoisha, kamera iliikunja yenyewe kwa mlio mrefu wa kulalamika, na nyanya akasema imechoka, ipewe nafasi.

Niliipeleka filamu kuoshwa kwenye duka moja karibu na soko. Kijana wa pale alikuwa na kofia iliyogeuzwa nyuma na alijua mambo yake, au alikuwa anajiamini, ambayo hapo mtaani ni kitu kilekile. Nilipozifuata picha alinipa kwanza zile za baba na nyanya.

"Niaje madam. Hii ilikuwa ya watu ama ya vitambaa?"

Nikaangalia. Kamera ilikuwa na jicho moja tu la kupimia umbali, katikati, na katikati ya baba na nyanya palikuwa na nafasi ya mtu mwembamba. Ilikuwa imepita hapo katikati yao, ikaenda kushika kitambaa cha televisheni. Kila kitanzi cha uzi kilionekana. Baba na nyanya walikuwa mawingu mawili pembeni. (Mama alipoiona picha ile aliitaka iwekwe kwenye fremu.)

Kisha kijana akaishika ile ya nyanya peke yake, akaiweka kaunta ikiwa imelala kifudifudi.

"Na hii ya shosho," alisema, "usishtuke. Ni flash tu."

Nikaigeuza. Nyanya alikuwa amekaa sawasawa kama alivyotaka: gauni, mkoba, kitambaa, utulivu wa mwenye shamba. Na macho yake yalikuwa mekundu kama makaa ya jiko.

Kijana alinieleza kwamba gizani mboni ya jicho hufunguka wazi, flashi ikaingia mpaka nyuma, ikarudi na wekundu wa damu iliyomo. Nilimwelewa. Lakini wale wa nyumbani nani angewaeleza? Kwetu ajuza mwenye macho mekundu hahitaji kushtakiwa uchawi, macho yenyewe yameshatoa ushahidi. Nimewajua vikongwe waliohama kijiji kwa sababu ya moshi wa jiko tu. Ukiibeba picha ile mbele ya jeneza, utageuka nyuma ukute waliobeba jeneza wameliacha njiani.

"Naweza kuweka kalamu," kijana alisema.

Akaweka. Alichukua kalamu nyeusi, akatoa ulimi nje kidogo, akatia nukta mbili. Moja ilikaa pazuri. Ya pili iliteleza ikaenda upande wa sikio.

Nyanya aliishika picha ile, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Huyu," alisema polepole, "anaangalia mlango na dirisha kwa wakati mmoja."

"Ni kalamu, Kukhu."

"Basi mzikeni kalamu."

Baba alirudi kitabuni. Alisoma siku hiyo bila kula, na kabla ya taarifa ya habari akatoka chumbani ameinua kidole. Kulikuwa na alama ya jicho. Ukiibonyeza, taa ndogo mbele ya kamera inawaka kwanza, inakaa kidogo ikimwangaza mtu ili mboni zake zijifunge, na ndipo flashi yenyewe inapiga. Wekundu unakwisha. Baba aliibonyeza alama ile mbele yetu na kutangaza kwamba kuanzia leo hadi siku ya kiama hakuna atakayeizima.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yetu kukipokea kikundi cha maombi cha nyumba kwa nyumba. Baba akaona ni nafasi ya kuwapiga wote, na nyanya kati yao. Aliwaeleza habari za taa ndogo kwa urefu, akachanganya na injini za mvuke, na kila mtu akaitikia amina.

Lakini mwili wa mtu una mafunzo yake. Watu wetu walijifunza picha kwa wapiga picha wa mitaani, na kwao picha ni mwanga. Unaambiwa tulia, unatulia, unashikilia pumzi; mwanga unawaka; umepigwa. Unapumua, unainuka, unampisha mwingine. Hakuna aliyewahi kuambiwa asubiri mwanga wa pili.

Mimi sikuona lolote. Kile kioo ambacho baba alikisifu, kinachokuonyesha ndani ya kitundu kila kitu kama kilivyo, kinainuka kupisha filamu picha inapopigwa, nawe uliye nyuma ya kamera unaona giza. Mpiga picha ndiye mtu pekee chumbani asiyeiona picha. Kioo kilipokuwa kikirudi, watu walikuwa wamesimama, nami nikadhani wameinuka baada ya kupigwa. Nikawapigia makofi kwa utulivu wao.

Kijana wa dukani alikuwa ameziita picha zile majina kabla sijafika.

"Madam, si uniambie ukweli. Karao waliingia?"

Kila mtu alikuwa anaondoka, kana kwamba polisi wameingia kweli. Mchungaji alikuwa amefungua mdomo na kuinua mguu. Mwimbishaji wa kikundi alikuwa ameshamgeukia jirani yake kumwomba chumvi au msamaha. Mama ameinama kunyoosha kitambaa cha kochi alikotoka. Baba, aliyeeleza yote yale, alionekana bega tu pembeni mwa kila picha, kwa sababu yeye ndiye aliyewahi kuja kuichukua kamera kutoka mikononi mwangu. Ukizipanga picha zile mezani ungedhani nyumba yetu inaungua na watu wanatoka kwa heshima.

Na hakukuwa na jicho jekundu hata moja.

Ya nyanya ilikuwa ya mwisho. Alikuwa ameishikilia pumzi yake muda wote wa ile taa ndogo, na ilipozimika akaiachilia. Mikono yake ilikuwa imeshika mikono ya kochi, makalio yameachana na kiti, mkoba unateleza, kitambaa cha kichwa kimeenda kando. Na alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa mdomo wote, mapengo yote nje, akiniangalia mimi moja kwa moja. Nakumbuka alichokuwa akisema. Alikuwa anauliza, "Imekwisha?"

Niliipenda picha ile tangu kwenye kaunta. Niliiweka juu ya nyingine zote nilipompelekea.

Nyanya aliitazama kwa muda. "Huyu anaenda wapi?" akauliza.

"Haendi popote, Kukhu. Ulikuwa unauliza kama imekwisha."

"Basi mwambieni haijakwisha, akae. Nipigeni nyingine. Nimeshajua, nitangoja mwanga wa pili."

Alikaa. Alivaa tena gauni lake la kijani, akapanga mkoba, akatulia kama jiwe la kusagia. Nikabonyeza, na kamera haikufanya lolote. Betri ilikuwa imekufa. Haikuwa betri ya kuuzwa kioskini. Ilikuwa fupi, nene, ya aina yake, iliyochoshwa na lenzi kwenda na kurudi na ile taa ndogo ya baba. Baba alijaribu kuingiza za redio, moja baada ya nyingine, hata kwa nyundo ndogo, mpaka mama akamnyang'anya. Aliulizia Buruburu, akaulizia mjini. Kila duka lilisema wiki ijayo.

Nyanya alingoja. Kila asubuhi alivaa gauni lile, akala uji nalo, akanitazama. Kisha mvua zikaanza, na mbegu zake za maharagwe zilikuwa nyumbani zikimngoja.

"Leteni hiyo kamera Krismasi," alisema akikunja gauni ndani ya mfuko. "Nitakaa mpaka mseme nyie wenyewe."

"Nitakupiga mimi mwenyewe, Kukhu. Vizuri kabisa."

"Ndiyo, mke mwenzangu. Sina haraka."

Betri ilipatikana. Baba aliinunua, akaiingiza, akafunika kamera kwa kitambaa chake, akaiweka kabatini kuingoja Krismasi. Ilikaa pale ikiwa nzima, ikiwa na filamu mpya ndani, siku ambayo binamu yangu alipiga simu kwa jirani kusema kwamba nyanya alikwenda kulala baada ya chai na hakuamka.

Nililia kwa huzuni, na nikalia kwa hasira. Kitu pekee alichotaka kwetu kilikuwa picha moja. Hakutaka blanketi, hakutaka sukari, alikuja na kuku wake mwenyewe. Tulikuwa na kamera inayojifanyia kila kitu yenyewe, na bado alirudi mikono mitupu.

Kesho yake jioni baba alikalia kochi lake, picha zote zikiwa mezani. Ile yenye macho mekundu. Ile ya kalamu. Ile ya kuinuka. Na pembeni kitambulisho, kilicholetwa na mtoto wa shangazi. Alizisogeza zile nyingine, akabaki na kitambulisho mkononi.

"Hiki ndicho kilicho na heshima," alisema.

Sikuamini masikio yangu. "Baba, yeye alikuja hapa kukikimbia hicho."

"Amekaa sawa. Ametulia."

"Amesukumwa kidevu!"

"Na hii nyingine je?" Sauti yake ilipanda. "Mama yangu azikwe akiinuka? Watu waseme nini? Kwamba tulimfukuza kitini? Kwamba alikuwa na haraka ya kwenda?" Akakigeuza kitambulisho kifudifudi, akakigeuza tena, na nikaona kwamba hakuwa anagombana nami. "Sikumpa ile aliyotaka," alisema. "Nilisoma kitabu chote."

Mama alikuwa amekaa kando, kroshia mkononi. Alitua uzi. Alinyanyuka, akakichukua kitambulisho kutoka mkononi mwa baba, taratibu kama anavyomnyang'anya mtoto wembe, akakiweka chini ya kitambaa cha televisheni.

"Anacheka," mama alisema. "Huyo anacheka, na ni yeye. Ndiyo tutabeba."

Kijana wa dukani aliikuza mpaka ikalingana na sinia. Aliifuta vumbi kwa shati lake, akaniwekea kadibodi nyuma isikunjike. "Pole sana, madam," alisema. "Shosho alikuwa fiti."

Niliibeba mimi. Tulitoka nyumbani kwake baada ya ibada, mimi mbele na fremu kifuani, jeneza nyuma yangu, na mawingu ya mvua yalikuwa yameshusha giza kana kwamba ni jioni. Watu walikuwa wamejipanga pande mbili za njia. Nilisikia minong'ono ikianza. Niliwaona wakiinama kutazama, wakiinua vichwa, wakitazamana. Mbele kabisa alikuwepo rafiki yake wa kanisani, kikongwe kama yeye, ameegemea mkongojo. Alinisimamisha kwa kuninyooshea fimbo ile. Aliitazama picha kwa karibu, pua inagusa kioo.

"We mama," akaiambia picha kwa sauti ya kila mtu kusikia, "unaenda wapi, na wageni ndio kwanza wanafika?"

Mtu mmoja akacheka. Akacheka mwingine. Kicheko kikaenda kando ya njia mpaka kikafika kwa waliobeba jeneza, nao wakacheka, jeneza likayumba kidogo mabegani, na kwenye kicheko kile ndimo kilio kilimotokea. Baba alikuwa wa mwisho. Alicheka kwa sauti moja fupi, kisha akafunika uso kwa kofia.

Kabla ya kushusha jeneza, familia hupigwa picha imelizunguka, na fremu ikiwa mbele. Ni lazima, bila picha hiyo utasimuliaje kwamba ulikuwepo? Baba alitoa kamera kwenye vazi lake la waridi, akampa binamu yangu, akamwelekeza kitufe. Kuhusu ile alama ya jicho hakusema neno. Haikuwa imezimwa tangu siku ile.

Tulijipanga. Flashi ilijifungua yenyewe kwa sababu ya giza la mawingu. Binamu akabonyeza, na taa ndogo ikawaka. Nilishikilia pumzi. Kando yangu nilihisi bega la baba likikaza, na bega la mama. Taa ikakaa, ikakaa. Ikazimika. Hakuna aliyepumua, hakuna aliyesogeza mguu. Flashi ikapiga.

"Imekwisha," binamu yangu akasema, akiishusha kamera.

Tukabaki tumesimama.

Picha ile iko ukutani kwangu sasa. Ndiyo pekee ya kamera ile ambamo familia yetu nzima imetulia, kila mtu mahali pake, ana kwa ana na lenzi. Macho yetu sote ni mekundu. Ile taa haikuwa na dawa ya wekundu wa namna hiyo, na kijana wa dukani safari hii hakuuliza kama aweke kalamu. Mwenye macho safi ni mmoja tu, pale kifuani pangu, ndani ya fremu, naye anainuka.